Nilichagua rooftop Mbarara, nikasogeza mbele maombi ya mvua ya mama yangu

Wakuu, salamu nyingi kutoka Misiera, hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Juzi kuna ndugu aliuliza kama rooftop inafaa kwa sherehe ya kampuni kwenye mji wenye mvua. Nilianza kumjibu mistari miwili, nikajikuta siwezi kuacha. Kisa hiki ni changu mwenyewe, na pale nilipokosea mimi sitamsingizia mtu. Vumilieni, ni kirefu kidogo.

Mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini. Tuliingia Uganda mimi na mama yangu tu. Tulipokelewa Kabazana, pale wageni wanapoandikishwa kabla ya kupewa kiwanja, tukakaa miezi chini ya bashi. Bashi ndilo turubai, kwa wasiojua Kiswahili chetu.

Hapo ndipo nilipojifunza kufunga turubai upepo usiondoke nalo. Ukilala chini yake na mama mzazi, utajifunza tu.

Baadaye mama alipata shamba akapanda mahindi na maharage. Mimi nikaanza kuwafungia watu maturubai ya harusi na misiba hapa Misiera, kisha nikasogea Mbarara mjini. Nikawa fundi wa tenti na mapambo. Siku za kazi nalala mjini, wikiendi narudi kwa mama, Jumapili kanisani. Kanisani mimi ni shemasi. Shikeni hilo, litarudi.

Sasa tuingie kwenye mada.

Mwaka 2012, mwezi wa kumi, kampuni moja ya maziwa pale Mbarara ilitaka kuwaandalia hafla wafugaji wanaowaletea maziwa. Aliyepewa kuisimamia aliitwa Madam Peace. Baba yake alikuwa mwanajeshi, amekulia kambini, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, kile chao cha Uganda.

Alikuwa ameona kazi yangu kwenye harusi fulani akaipenda. Akaniambia wazi kwamba hafla hii ikienda vizuri, za mwaka mzima zitakuwa zangu.

Wakuu, sikulala kwa furaha. Si kwa ajili ya sifa. Magoti ya mama yalikuwa yamekwisha. Asubuhi alikuwa anainuka kwa kushika ukuta, halafu anabeba jembe. Nilitaka kazi ya mwaka mzima nimpangie vyumba viwili mjini, aachane na jembe. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Basi tukaanza kutafuta venue. Kulikuwa na hoteli moja ya ghorofa nne, ina ukumbi chini na ina rooftop. Madam Peace aliipenda rooftop kwa sababu mji wote unaonekana, na vilima, na picha zitatoka safi. Akanituma nikakague.

Nilipanda saa sita mchana, jua kali. Nikaona upepo mzuri, vyuma imara vya ukingoni, nafasi ya kutosha. Nikashuka nikasema inafaa.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya yule ndugu aliyeuliza. Kukagua paa siku ya jua ni sawa na kutokagua. Nenda mvua ikinyesha. Kama huwezi, omba ndoo ya maji umwage sakafuni uone yanakwenda wapi. Halafu uliza kuna ngazi ngapi za kushukia. Halafu usimuulize meneja, muulize mama anayedeki, yeye ndiye anajua maji yanatuama wapi. Mimi sikumwaga hata kikombe, na sikumuuliza mtu.

Ukumbi wa chini ungeweza kushikiliwa kwa ajili yetu, lakini kulikuwa na watu wa harusi wanaoutaka. Hoteli ikatupa mpaka Jumanne tuseme ndiyo au hapana.

Madam Peace aliniuliza, "Tushike na ile hall ya chini? Hii mwezi iko na mvua."

Nikamwambia anipe wikiendi nifikirie.

Nikarudi Nakivale. Huku kulikuwa kukavu, wakuu, wiki tatu hakuna tone. Mahindi ya mama yalikuwa yamefika kiunoni na majani yamejikunja. Alikuwa anapita katikati ya mistari anayagusa moja moja.

Jumapili mchungaji akatangaza kufunga siku tatu kuombea mvua. Kufunga kungeanza Alhamisi, na Jumamosi saa tisa alasiri kanisa zima lingetoka kwenda kuomba mashambani.

Jumamosi hiyo, saa hiyo hiyo, ndiyo ilikuwa hafla yangu.

Mtu atasema, sasa maombi ya Nakivale yana uhusiano gani na rooftop ya Mbarara? Ndugu zangu, mimi nilikuwa naamini, na shida ilianzia hapo. Nimeshaona kwa macho yangu mvua ikija baada ya maombi kama yale. Kama ningekuwa mtu asiyeamini, ningekaa kimya na mama yangu angeombewa mvua yake kwa wakati.

Ibada haijaisha nikamfuata mchungaji pembeni. Turubai la kanisa lilikuwa langu, nililiazimisha kanisa bure, na ndilo lililokuwa liwe kivuli cha akina mama siku ya maombi. Nikamwambia Jumamosi nina kazi Mbarara na bashi ninalihitaji huko. Huo ulikuwa uongo, wakuu. Mbarara tulikuwa na tenti za kukodi, nzuri kuliko lile bashi mara kumi.

Mchungaji akanitazama. "Shemasi, ile kazi haiwezi kungoja?"

Nikasema haiwezi.

"Basi tusukume juma moja," akasema. "Bila bashi, bamama batakaa fasi gani na jua kama hii?"

Akarudi mbele akatangaza kwamba maombi yamesogezwa hadi Jumamosi inayofuata. Nilimsikia mama yangu akisema amina pamoja na wenzake.

Jioni, tukila, mama akasema taratibu, "Juma moja ni mingi kwa mahindi. Lakini mchungaji anajua."

Nikaendelea kula. Mpaka leo nikikumbuka nilivyokata lile tonge la ugali najichukia.

Jumanne nikarudi mjini. Madam Peace akaniuliza mara ya pili kuhusu ukumbi. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Madam, mvua imegoma mwaka huu. Achia tu." Akauachia.

Nimelifikiria hilo jibu miaka mitatu sasa. Nilikuwa natazama anga la Mbarara kwa macho ya Nakivale. Kwetu ni vumbi, basi nikaona dunia nzima ni vumbi. Tena nilishahakikisha hakuna anayeomba mvua wiki hiyo. Nilijiona nimemaliza kila kitu, hadi mambo ya mbinguni.

Jumamosi ikafika. Juu palipendeza, siwadanganyi. Tenti tatu, vitambaa vyeupe, maua. Wafugaji walikuja na suti zao, wengi kutoka Masha na vijiji vya jirani, wazee wa heshima na fimbo zao. Mkurugenzi naye akaja. Madam Peace alikuwa anatabasamu hadi nikaona aibu kumtazama.

Saa tisa na nusu upepo ukageuka.

Juu ya zege huwezi kupigilia vigingi, kwa hiyo kamba nilikuwa nimezifunga kwenye vyuma vya ukingoni. Upepo ukaingia chini ya tenti ya kwanza ukainyanyua. Mafundo yangu hayakufunguka hata moja, wakuu. Ni vile vyuma vilivyong'oka na saruji yake. Mungu saidia hakuna aliyeumia.

Halafu ikashuka. Sijui niieleze vipi ile mvua. Tundu la kutolea maji lilikuwa limezibwa na saruji tangu siku za ujenzi, na hakuna aliyewahi kulizibua. Baada ya muda mfupi maji yalikuwa yanafunika viatu, na nyaya za muziki zimelala humo humo. Nikakimbia kuzima umeme. Watu wakavamia ngazi, nayo ilikuwa moja, nyembamba. Wazee wa watu wakabanana pale, suti zinachuruzika. Chini kwenye ukumbi watu wa harusi walikuwa wanacheza ngoma zao, wakavu.

Vyakula vyote vikajaa maji.

Nilipogeuka nikaona mzee mmoja wa Masha hajakimbia. Amesimama katikati ya maji, kofia mkononi, anacheka peke yake. Nikamwendea nimshike mkono nimshushe.

"Wacha," akaniambia. "Ng'ombe yangu iko karibu kufa. Wacha mvua inipige kidogo."

Nilimchukia yule mzee. Nilitamani hata kumsukuma. Halafu nikamkumbuka mama, nikakaa kwenye kiti kilicholowa.

Madam Peace alinikuta pale. Hakupiga kelele. Rangi za macho zilikuwa zimemshuka hadi mashavuni.

"Mimi nilikuuliza mara mbili," akasema. "Wewe ulisema hapana. Na mimi nikaenda kwa mukubwa nikasema hapana."

Nikamwambia nisamehe. Akasema sawa, akaondoka. Hakunipigia simu tena. Nilisikia baadaye alihamishwa kwenye ile kazi, na hilo nalo nimelibeba.

Jumapili asubuhi nikapanda gari kurudi Nakivale. Nilikuwa nachungulia dirishani njia nzima. Mjini madimbwi, mbele kidogo unyevunyevu, halafu unyevu ukaisha. Nilivyokaribia kwetu vumbi lilikuwa lile lile la juma lililopita. Huku halikuanguka tone.

Mama alikuwa shambani. Mahindi yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya majani makavu. Aliona viatu vyangu vina matope yaliyokauka, akauliza:

"Kule Mbarara ilinyesha?"

"Ilinyesha, mama."

"Mingi?"

"Mingi sana."

Akafumba macho kidogo. "Asante Mungu," akasema. "Kuna batu balipata."

Akarudi kwenye mistari yake.

Wakuu, mimi ni mtu mzima, lakini nilienda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto.

Jumamosi iliyofuata tuliomba. Nililifunga bashi mwenyewe, akina mama wakakaa kivulini, na mama yangu alipiga magoti, yale magoti. Mvua ilikuja siku tatu baadaye, nzuri kabisa, ikanyeshea mabua. Mama aliyakata akampa jirani mwenye mbuzi.

Sijui kama tungeomba kwa wakati ingenyesha kwa wakati. Hakuna ajuaye. Nimejaribu kujiambia hivyo mara nyingi, na haijawahi kunisaidia, kwa sababu najua nilichotaka mimi. Mama yangu alitaka mvua, na mimi nilitaka isije, tena nikasema ni kwa ajili yake.

Vyumba viwili vya mjini sikuvipata. Mama bado analima. Asubuhi bado anashika ukuta.

Kwa yule ndugu aliyeuliza: rooftop ni nzuri kwa picha. Lakini usiachie ukumbi wa chini mpaka mgeni wa mwisho ameshaondoka, na hali ya hewa iulizie mahali hafla itakapofanyika, si mahali unapolala. Kilichobaki katika kisa hiki hakimhusu yeye, kinanihusu mimi.

Sijawahi kumwambia mama. Mchungaji alishahamia makazi mengine na ule uongo wangu akidhani ni kweli. Ninyi ndio watu wa kwanza kujua. Kila mwaka nikisema nitamwambia, namwona anashika jembe, nashindwa. Nimwambie nitue mzigo, au nikimwambia nitakuwa namtwisha yeye? Wenye wazazi wazee mniambie, na mwenye kunitukana atukane, nitasoma yote.

Wiki hii kumekauka tena. Jumamosi kanisa linatoka kuombea mvua, na mama ameshaniambia nisisahau bashi.