Friji la Mkahawani na Sauti ya Selfo

Nezir Bitaj, jirani yangu hapa mjini Tepelena, ana miaka hamsini na mbili na hajawahi kukubali kwamba kuna kitu hajui. Harusi zetu zote amerekodi yeye. Siku hizi ana kompyuta, na programu ya kusafisha sauti anayoisifia kuliko mkewe.

Machi hii alifariki Selfo, mwenzetu wa kuimba mkahawani. Selfo hakuwahi kuimba ubeti hata mmoja. Nyimbo zetu mmoja anaanza, wa pili anampokea, waliobaki wanashika mvumo chini yao, "eee" moja isiyokatika. Selfo alishika mvumo miaka arobaini. Mjane wake, mama Nurije, alikuwa na kanda moja tu yenye sauti yake, iliyorekodiwa mkahawani kando ya friji.

"Nezir mwanangu, nitolee hilo friji. Nataka nimsikie siku ya arobaini."

"Mama, hiyo kazi ya dakika tano."

Kweli alitumia tano. Akaionyesha programu kipande cha mwanzo, kabla ya wimbo, penye friji tu, akaiamuru: kila kinachovuma hivi, toa. Hakurudia kusikiliza. Arudie nini, fundi mzima?

Siku ya arobaini tumejaa sebuleni, halua mkononi. Nezir akabonyeza. Wa kwanza akaimba, wa pili akampokea, safi kabisa. Chini yao, kimya.

Rrapo, ambaye ndiye mwimbaji wa kwanza kwenye kanda hiyo, akaweka sahani chini.

"Fundi, friji umelitoa, ahsante. Selfo yuko wapi?"

"Ngoja, labda spika..."

"Spika gani, bwana wewe! Selfo alikuwa anachukua sauti yake kwenye friji, anavuma sawasawa nalo. Mkahawa mzima tunajua. Na wewe ulikuwepo!"

Nezir aliiva uso kwa aibu mpaka masikio. Mimi ninayemcheka kila siku nilitazama zulia. Maana mama Nurije hakulalamika. Alikuwa bado ameiinamia spika, anasubiri.

Nezir akatoka mbio bila koti, akarudi na kanda yenyewe na redio yake kuukuu ya kaseti. Safari hii friji lilinguruma, na ndani ya ngurumo hiyo, polepole, akaingia Selfo.

"Huyo," akasema mama Nurije. "Huyo hapo."

Wimbo ulipoisha akamwita Nezir akae, ale halua. Hakukaa. Alisimama mlangoni, ameshika kofia, mpaka watu wote wakaondoka.