Chai Nje ya Kikombe

Juzi, kwenye barabara inayopanuliwa karibu na Njoro, niliona mashine kubwa ikivunja mwamba, na mwanaume amesimama kando yake, miwani ya kazi ameipandisha kwenye paji la uso. Nilitaka kumpigia kelele aivae. Lakini harufu ya dizeli na vumbi la mawe ilikuwa imenifikia, harufu ya baba yangu, ikanirudisha utotoni.

Baba alifanya kibarua kama hicho tulipokuwa tukiishi Kaptembwo. Alasiri moja alirudi mapema, jicho la kushoto limefungwa bandeji. Nilifurahi sana, maana sikuzoea kumwona nyumbani jua likiwa bado kali.

"Ni kajiwe tu kaliruka," aliniambia. "Jicho litapona."

Mama alimletea thamosi. Baba alipenda kujimiminia chai mwenyewe, mkono ukiwa juu kabisa, mpaka povu lijae. Siku hiyo akaiinua kama kawaida, akamimina, na chai yote ikamwagika mezani, kando ya kikombe. Nikacheka. Nilidhani ni mchezo.

"Tena, Baba! Tena!"

Mama aligeukia ukuta, akajifunika uso kwa leso.

Jicho halikupona. Sasa najua kwamba jicho moja halipimi umbali vizuri, na kwamba Baba alikuwa amegundua hilo pale pale, mbele yangu. Alinitazama nikicheka. Kisha akatabasamu, akainua thamosi, na kwa makusudi akamimina tena nje ya kikombe.