Tenga la Simu

Mkitaka kucheka chekeni sasa hivi, maana kule mlimani bado wananicheka na mimi sina uso wa kupanda tena.

Wazazi wa kigango kimoja cha kanisa huko Uluguru walinialika nikawape semina: simu inatujenga au inatubomoa? Mimi huyo, shati limepigwa pasi, nikaona maneno matupu hayatoshi. Nikaomba tenga, nikaamuru kila mtu aweke simu yake humo, tukae saa moja kama binadamu. Wakaweka wote, isipokuwa Bibi Koleta.

"Mjukuu wangu, binti yangu yuko leba huko mjini. Nasubiri hii ilie."

"Bibi, zamani watu walijifungua bila simu," nikamjibu (sikieni jeuri hiyo), watu wakacheka, naye kwa aibu akaiweka. Yangu ilibaki mfukoni, eti mwalimu lazima aangalie saa.

Ili milio isinisumbue, nikalifunika tenga kwa majani ya mgomba nikaliacha nje mlangoni, kando ya njia. Ningekuwa mtu wa kule ningejua kwamba siku ya soko, kama ilivyokuwa siku ile, tenga lililofunikwa majani na kuachwa kando ya njia ni mboga tayari, na wapakiaji wa pikapu hawaulizi, wanabeba. Nilikuwa katikati ya kufoka jinsi simu zilivyotuibia utulivu, pikapu ikanguruma ikateremka zake mjini. Tukatoka nje. Tenga hakuna.

"Haya, mwalimu," akasema mwenyekiti wa wazazi, "hapa nani amebaki na simu?"

Jamani, ningemeza ile simu kama ingewezekana. Nikaitoa, umati mzima ukaguna, "Aaah!" Bibi Koleta akanitajia namba ya simu yake iliyoondoka na tenga, nikapiga, ikaita tu, nikapiga tena, ikaita tu. Basi semina ya kuachana na simu ikaishia watu wote kuizunguka simu moja, yangu, huku bibi akivuta rozari na mimi nikipiga bila kukoma, maana kama binti yule angepatwa na baya ningeuweka wapi uso wangu?

Hatimaye ikapokelewa. Mwanamke, kelele za soko nyuma yake.

"Halo! Ninyi ndio wenye karoti zinazolia? Sasa hivi kuna mtu kapiga humu, mwambieni bibi kapata mjukuu wa kike, na mama yake ni mzima kabisa!"

Bibi Koleta akalia, akacheka, akaninyang'anya simu, akaongea na yule mchuuzi mpaka salio langu likakata.

Siku hizi nikiulizwa kama simu ni nzuri au mbaya, kwanza nauliza ni ya nani na anamsubiri nani. Na tenga la mtu siligusi tena, hata likiwa tupu, kwa sababu bibi yule alipata habari za mjukuu wake baada ya soko zima la Morogoro kuzisikia, na aliyemchelewesha ni mimi niliyekuja kumfundisha kuishi vizuri.