Siku Tuliyokausha Mabomba ya Karavani

Wewe unayenisoma nakuhesabu mtu wangu wa ndani, wa kuingia mpaka jikoni bila kupiga hodi, kwa hiyo sitakuficha kitu. Mpaka leo nikisikia harufu ya ubao uliorowa, zile mbao nyembamba za kubandikwa kwa gundi zinazovimba zikanuka kuvu, hufungua madirisha yote. Wenzangu harufu za utotoni mwao ni udi na halwa na kahawa ya mchana. Mimi pia nnazo hizo, alhamdulillahi, lakini inayotangulia ni ile ya sakafu ya karavani yetu mlimani, mwaka ilipooza. Ningekuwa nimeijua harufu ile peke yake, ningeisahau. Siisahau kwa sababu ya mwaka uliofuata, mwaka ambao sakafu haikuoza.

Baba yangu alikuwa fundi bomba. Banda lake lilikuwa Wadi Kabir, katikati ya magereji, na sisi tulikaa nyuma ya banda hilohilo, vyumba viwili na uwa. Wazazi wangu walitoka Unguja mimi nikiwa mchanga, wakaja Maskati kwa jamaa zetu, na baba akafungua kazi anayoijua. Tatizo lilikuwa hewa. Asubuhi mpaka jioni palikuwa na msumeno wa chuma, rangi za magari zikipulizwa, moshi, vumbi, na juu yake joto la Maskati ambalo wakati wa kiangazi likikupiga usoni unadhani umefungua tanuri. Mama yangu, Bi Zuwena, alikuwa na pumu. Mwezi wa sita ukiingia alikuwa halali tena, anakaa kitako kitandani amekumbatia mto, mabega yakipanda na kushuka, na mimi ubavuni pake namsikiliza kifua kinavyopiga miluzi. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimuuzia baba karavani yake kuukuu, nyumba nzima juu ya magurudumu, ina kitanda, jiko, choo na mifereji miwili ya kufungulia maji. Baba akaikokota mpaka mlimani, Jabal Shams, akaiegesha kwenye uwanja wa mawe ambako wakati wa kiangazi upepo ni wa baridi. Mama alishuka garini, akavuta pumzi, akavuta nyingine, akacheka. "Baba Asya," alisema, "kumbe hewa ndo hii? Ile ya Wadi Kabir ilikuwa nini basi, uji?"

Watu wa pwani tunajua maji ya chumvi, ya kisima, ya mvua. Maji ya kuganda ndani ya bomba hatukuyajua. Yule Mzungu alimwonyesha baba kwamba ukiiacha karavani mlimani wakati wa baridi, lazima uyatoe maji yote, maana usiku yanakuwa jiwe, na yakiwa jiwe huvimba yakapasua bomba. Akamwonyesha kila pahala pa kufungua, na baba, fundi wa kazi yake, alishika yote. Kasoro moja. Karavani ya Wazungu haina shatafu, ule mpira wa kujisafishia chooni, na mama alikwishasema hakai mahali pasipo na shatafu hata iwe pepo ya dunia. Baba alimfungia moja, kazi nzuri kabisa. Mwaka wa kwanza tuliposhuka alitoa maji kila alikoonyeshwa, na shatafu hakuonyeshwa. Mwaka uliofuata alipofungua maji, ule mpira ulikuwa umepasuka kama boga kwa nyuma, kwenye kiungo cha ukutani, maji yakajaa chini ya sakafu bila sisi kujua, na mbao zikavimba zikaoza. Mama alilala juu ya harufu ile siku chache tu, kuvu likamrudishia pumu, ikabidi tushuke katikati ya joto. Kiangazi chote kile aliteseka Wadi Kabir, na baba hakuacha kujilaumu. Aliing'oa sakafu nzima akatia mpya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: tangu siku hiyo baba akisikia tone tu la maji, anainuka kulitafuta.

Sasa nakuja kwenye msimu wenyewe. Kiangazi cha tatu tulipanda mapema, mama na mimi, na baba akawa anakuja kila Jumatano jioni anaondoka Ijumaa. Mama alinenepa. Alipika mikate ya mofa kwenye jiko la gesi lile dogo, akasoma juzuu zake mlangoni, akafanya usuhuba na Bi Thuraya, bibi mchunga mbuzi wa pale mlimani. Walikuwa wanasemeshana, mmoja Kiarabu cha jabali, mwingine Kiarabu cha Unguja, na wote wanacheka. Joto la mjini likapungua, shule zikafunguliwa, jina langu likawa linaitwa na mimi sipo, na mama bado anasema, wiki moja tu, nivute hii hewa wiki moja tu. Ndipo baridi ikaingia kwa ghafla. Asubuhi mawe yana utando mweupe. Mama akashikwa na mafua, mafua yakawa homa, akanikataza nisimwambie mtu wa kupita. "Baba'ko anakuja Jumatano," akasema, "ana gari, atatushusha. Usiwatie watu wasiwasi." Baba alipofika alimkuta amejifunika mablanketi mawili. Alimshika paji la uso, akasema alfajiri tunafunga karavani tunateremka.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi niliamka nikasikia hita ya maji inanguruma. Baba alikuwa ameiwasha apate maji ya moto mama atawadhe. Mama akatawadha, akasali amekaa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, na mimi nilidhani ni baridi. Jua lilipopanda kidogo, Bi Thuraya alikuja na maziwa ndani ya kopo. Alimtazama mama, akaliweka kopo chini bila hata kumpa. Akamwambia baba kwa Kiarabu, kwa sauti ya mtu anayeamrisha mbuzi: "Mtie garini. Sasa hivi."

Baba alikuwa na spana mkononi. Akaitazama karavani, akamtazama mama. "Twende, Bi Zuwena," alisema. "Haya tuyaache."

"Uyaache?" Mama alijikaza akainua kichwa. "Mwaka juzi umesahau kampira kamoja, tumelipata. Leo unataka kuliacha tangi zima? Nikirudi mie nitalala wapi, juu ya kuvu?"

"Ntaing'oa tena sakafu, kwani shida iko wapi?"

"Huing'oi kitu. Nna baridi tu, nikifika chini kwenye joto ntapoa. Malizana nayo, Baba Asya. Nataka mahali pa kurudi."

Baba akaigeuza spana mkononi. Kisha akasema lile neno alilokuwa akilipenda, kwamba mtu amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Mama akatikisa kichwa kukubali, na mimi nikafarijika, maana lilikuwa neno la dini na wote wawili wamekubaliana. Bi Thuraya alitusikiliza Kiswahili chetu asichokijua, akafahamu. Aliondoka anapiga fimbo yake kwenye mawe, hakuaga.

Basi tukaanza. Baba alifungua kizibo cha tangi chini ya karavani, maji yakatoka yakakimbia baina ya mawe, na mimi nikafungua mifereji yote ndani kama nilivyoambiwa. Lakini hita ilikuwa bado ya moto. Kizibo chake huwezi kukitoa maji yakichemka ndani, yatakuchuna ngozi ya mkono, na yalikuwa ya moto kwa ajili ya udhu wa mama. Tukangoja ipoe. Huo ndio muda ninaoukumbuka kuliko wote. Baba alikuwa anaishika hita kwa kiganja, anakitoa, anakwenda kumtazama mama, anarudi anaishika tena. Mara moja alisema, peke yake, "Mwenda pole hajikwai," na sauti haikuwa yake. Jua likasogea. Mwisho akaifungua ingawa haikuwa imepoa sawasawa, ikamuunguza, akaufunga mkono kitambaa akaendelea. Akaunga pampu ya matairi kwenye bomba, akaniambia, "Sikiliza, Asya. Likikoroma, bado lina maji. Likipuliza kavu, limekwisha." Nikaweka sikio kwenye mfereji wa jikoni. Ukakoroma, ukatema, ukapiga miluzi, kisha ukapuliza upepo mtupu. Tukafanya wa bafu. Tukafanya choo. Shatafu aliing'oa kabisa, akaikung'uta, akaitundika msumarini. Hata ile kona ya bomba chini ya sinki aliifungua akaikausha kwa kitambaa. Wallahi sijapata kuona kazi iliyofanywa kwa mapenzi namna ile.

Adhuhuri ilipoingia mama aliomba maji atawadhe kabla ya kuondoka. Baba kwa mazoea akageuza mfereji. Haukutoa kitu. Akageuza wa pili. Uso wake ukaanza kucheka, ile furaha ya fundi kwamba hakuna hata tone, halafu kicheko kikamfia mdomoni. Tulikuwa tumemwaga yote, hata ya ndoo. Mama akasema, "Si neno, nitatayamamu." Akapiga viganja juu ya jiwe pale mlangoni, akapangusa uso, akapangusa mikono, taratibu, akipumzika baina ya kimoja na kingine. Alisali kwa ishara ya kichwa. Baba alimbeba kumtia garini, na aliponyanyuliwa nilisikia kifua chake. Nilijua sauti ile. Nilikuwa nimeisikiliza asubuhi nzima.

Njia ya kuteremka wakati huo ilikuwa changarawe na makorongo, kona juu ya kona, gari haiwezi kukimbia. Mama alikuwa begani kwangu. Alikuwa ananiambia nisome shule, nisome, kisha akaacha kusema. Nikamwita baba. Nikamwambia, "Baba, simamisha gari. Kifua cha mama kinakoroma, bado kina maji. Yatoe kama ulivyoyatoa kwenye mabomba." Nilimwona tu vile vidole vilivyofungwa kitambaa vikikaza usukani. Tulipofika hospitali ya chini ya mlima daktari aliuliza kwa upole kabisa, "Anapumua hivi tangu lini?" Baba akasema, tangu alfajiri. Daktari akamtazama, akatazama saa ya ukutani, akaingia ndani. Ilikuwa homa ya mapafu, juu ya pumu. Walifanya waliloweza. Mama yangu alifariki kesho yake kabla ya sala ya Ijumaa, Mwenyezi Mungu amrehemu na amlaze pema.

Nyumba ya msiba ilikuwa kwa Shangazi Moza, dada wa baba, ambaye ulimi wake haukupata kuwa na mlango. Wakati wanawake wakimwosha mama mimi niliwekwa chumba cha pili, nikawa nasikia maji yakimiminwa, yakimiminwa, mengi. Shangazi alipotoka alimkuta baba ukumbini, akamwambia mbele za watu: "Kaka yangu, si ungeliacha libati lile lipasuke! Lipasuke, lioze, lichukuliwe na mafuriko ya wadi! Ngoja ngoja, ona sasa!" Wakamshika, wakamkalisha. Baba alisema, "Umesema kweli, Moza."

Kiangazi kilichokuja alinichukua mlimani. Alirudisha shatafu mahali pake, akafunga vizibo, akajaza tangi, akafungua maji. Tukangoja. Hapana bomba lililovuja. Sakafu kavu, mifereji inatoka maji safi, ile hita nzima. Alipita na kitambaa kikavu akigusa kila kiungo, na kila mara kitambaa kinarudi kikavu. Nilimwona akikaa juu ya kitanda cha mama, kitambaa mkononi, akalia kwa sauti, mtu mzima, mpaka mbuzi wa Bi Thuraya wakageuka kutazama. Alikikausha tena siku ileile kila kitu, akampa Bi Thuraya ufunguo. Mimi sikurudi shule vizuri. Palikuwa na nyumba ya kuangalia na baba wa kupikiwa. Kusoma nilikuja kusoma nikiwa na watoto wangu, masomo ya jioni, na mwalimu alipotueleza kuwa maji yakiganda huvimba, wenzangu walishangaa, mimi nikainamia daftari. Baba alifariki miaka ya elfu mbili. Alikuwa mtu wa sala na wa sadaka, naye mpaka mwisho akipita pale uwani akasikia mfereji unadondoka, alikuwa anauacha udondoke.

Mimi nnaamini kadari. Siku ya mama ilikuwa imeandikwa, na sithubutu kuipinga. Lakini lile neno la ngamia nimelifikiri miaka yote hii, na naona lilikuwa neno la kweli tulilolielekeza pasipo. Ngamia wetu alikuwa mama. Tulimwacha bila kamba asubuhi nzima tukawa tunafunga karavani. Siku hizi barabara ya mlimani imekuwa bora, gari zinapanda na watalii, kila mtu ana simu mfukoni, na nyumba yangu ina maji ya moto na ya baridi ambayo hatujapata kuyalinda na chochote. Hata hivyo nawasikia watu, na wanangu wamo. Kifua kinambana mtu, anasema wacha nimalize hii kwanza. Mtoto anachemka homa, wanasema wacha tufunge duka. Mwaka jana nilipanda na watoto wangu. Bi Thuraya keshafariki, wajukuu zake wanaweka majani ya mbuzi ndani ya karavani ile. Niliinamia mfereji wa jikoni nikauzungusha, nikaweka sikio. Kimya, kavu.

Basi nakuomba, mwenzangu, kisa hiki usikilalie. Mpe jirani yako, mpe dada'ko anayekohoa na bado anataka kuanua nguo, mpe na mumeo akiwa na spana mkononi. Usiwape mawaidha. Waambie tu kwamba iko karavani Jabal Shams, na mabomba yake ni mazima mpaka leo.