Bi Mwanahawa alivyogombana na padri wa kwenye muvi ya mapepo

Wakuu, heshima kwenu. Hili limetokea mbele ya macho yangu, sijasimuliwa na mtu. Asiyeamini apite tu kwa amani, hatugombani.

Mimi ni mtu wa Njombe, nafanya kazi kwenye ofisi ya clearing, ya kutoa mizigo bandarini, kule Kurasini. Nimepanga chumba Mwananyamala kwa bibi mmoja wa Pwani, tumwite Bi Mwanahawa. Mjane, mcheshi, na mdomo anao. Hajawahi kuniita mpangaji hata siku moja. Mimi ni mjukuu, na nikipita bila shikamoo naulizwa kama nimemeza ulimi.

Jumapili nikitoka kanisani tunaangalia muvi sebuleni kwake. Anapenda za kutisha tu, zile zilizotafsiriwa na DJ, maana DJ huongeza na ya kwake. Za mapenzi anasema mwisho wake anaujua.

Sasa ishu ikawa hivi.

Mwanawe wa pekee, braza Salum, kajenga Mbweni. Nyumba kali, sikatai. Akataka mama ahamie kule, hii ya Mwananyamala apangishe yote. Akampeleka kuiona, na Bi aliporudi akanyamaza.

Salum akija, Bi anageukia ukutani. Chakula anakionja tu. Uani anaongea peke yake. Akakonda mpaka kanga zikawa zinampwaya. Niliogopa, wakuu. Yule bibi nilishampenda kama wa kwangu.

Ndugu wakasema ana shetani. Salum akakubali, akapanga na shehe aje kumsomea Jumapili baada ya alasiri.

Siku hiyo Salum akawahi kufika, akatukuta katikati ya muvi. Binti kapandisha mapepo, kafungwa kitandani, padri anamwagia maji na kumfokea. DJ naye anachochea: "Padri kachafukwa! Toka! Toka mwanaharamu!"

Kwa shughuli iliyomleta Salum, mnajua wenyewe muvi ile ilivyokaa vibaya. Akavuta kiti, akakaa.

Hapa niwaeleze watu wa bara wenzangu. Kwa wazee wengi wa Pwani, pepo akipanda hafokewi. Anasalimiwa, anaulizwa jina, halafu anaulizwa anataka nini. Akitaka marashi analetewa, akitaka halua analetewa. Mama yake Bi Mwanahawa ndiyo ilikuwa kazi yake, kwa hiyo Bi kakulia humo humo.

Basi ghafla Bi akainuka, akatoa chupa ya marashi kabatini, akainyunyizia TV.

"Karibu mgeni. Mie Mwanahawa. Usiwasikilize hao. Jina lako nani, na wataka nini?"

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Kuja kumwangalia, hacheki. Kakasirika kweli, kidole kamnyooshea padri.

"Na wewe baba, tangu uingie makelele tu! Umemuuliza anataka nini? Si umuulize! Mtu hajaulizwa, atatokaje?"

Nikapunguza sauti ya TV. Salum alikuwa anamtazama mama yake tu, mimi natazama zulia.

"Mama," akasema Salum, "na wewe wataka nini?"

Bi akakaa. Machozi yakaanza kumtoka.

"Umeniletea ramani, Salum. Umeniletea fundi. Leo waniletea na shehe. Hilo swali ndo kwanza waniletea."

"Basi nijibu, mama yangu."

"Kwako sikatai kwenda. Nakataa kufungiwa. Siku ile nimekaa pale mpaka jua limezama, hakuna hata mmoja aliyepiga hodi. Ukuta ule, geti lile! Nikifa mle majirani watajua kwa harufu. Mie nataka baraza, mwanangu. Mtu akipita njiani anione nimekaa, anisalimie."

Salum, mtu mzima na kitambi chake, akalia kwa sauti.

Shehe alipofika alitukuta tunakula, maana Bi mwenyewe ndiye aliyeagiza wali. Akaelezwa, akacheka, akaomba dua, akapewa sahani yake.

Ukuta wa Mbweni ukavunjwa upande wa njiani, likajengwa baraza la saruji linalotazama barabara, juu likaezekwa makuti. Bi akahama kwa hiari yake. Siku ya kubeba vyombo nililia kidogo, sitaki kudanganya.

Jumapili iliyopita nikaenda kumsalimia. Baraza limejaa! Mlinzi wa jirani, mafundi wanaojenga nyumba ya pili, dada muuza samaki na beseni lake, wote wanakunywa kahawa ya Bi na kubishana. Pa kukaa hakuna.

Bi akanyoosha mkono.

"We fundi, hebu sogea. Huyo mjukuu wangu huyo."

Nikakaa mpaka magharibi, wakuu.

Nilichojifunza ni kwamba mzee akinuna, kabla hujatafuta wa kufukuza pepo, kaa naye umuulize anataka nini, halafu nyamaza umsikilize. Yawezekana ni baraza tu.

Nyie wazee wenu mmewahi kuwauliza? Walijibu nini? Semeni tusikie. Na nyie mnaolalamika "uzi bila picha", Bi amegoma kupigwa picha. Anasema mpaka anenepe kwanza.