Mwezi Mzima Ndani ya Formoli

Yaya, dada yangu mkubwa, alipotolewa uvimbe kwenye titi, kipande kilikuja maabara, mikononi mwangu. Nilikitia kwenye formoli kisioze, ili kesho yake nikigandishe ndani ya nta na kukituma ng'ambo. Huko wangetazama kama saratani yake ina ile protini inayopokea homoni. Ikiwamo, kuna vidonge vya kuiziba. Isipokuwamo, vidonge ni kazi bure. Fomu niliijaza palepale, na penye muda wa formoli nikaandika kama tulivyoandika kwa kila mgonjwa: siku moja.

Usiku huo uporaji ukaanza mjini. Tulijifungia nyumbani, mtaa wa Bel-Air, mwezi mzima, tukisikia milango ya majirani ikivunjwa. Mara moja nilijipenyeza hadi maabara. Darubini zilikuwa zimebebwa, lakini chupa ya yaya ipo. Nikaijaza formoli mpya, nikajipongeza, mjinga mimi.

Mji ulipotulia kidogo nikakituma, fomu ikisema vilevile siku moja. Jibu lilirudi na dereva wa lori: protini haipo. Chini waliandika kwamba kipande kikikaa sana kwenye formoli, protini hufichika hata kama ipo. Nikatoka mbio kumtafuta daktari.

Daktari wa yaya alikuwa Mkasai, na Wakasai walikuwa wanafukuzwa mkoani kwetu warudi kwao. Nilimkuta stesheni, amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, anangoja treni na wanawe. Watu wenye fimbo walikuwa wanapita wakikagua nyuso zetu. Niliwaogopa, ila yeye nilimwogopa zaidi.

"Docteur, ile jibu haiko ya kweli," nikamwambia. "Kipande kilikala mu formol mwezi muzima. Ni mimi njo nilikosa."

Daktari aliomba kalamu, akaandika cheti cha vidonge juu ya goti lake.

"Umupatie. Kama protéine iko, vitamusaidia."

"Na kama haiko?"

"Hatutajua. Kipande ni kile kile, hakuna kingine."

Jioni ile yaya alimeza cha kwanza, akauliza jibu lilisema nini. Nikamwambia limesema ameze. Tangu hapo, kila asubuhi aliinua mkono nimpapase kwapani kama kuna kivimbe kipya, huku akinisimulia habari za sokoni. Hakuogopa hata kidogo, maana mpimaji wake alikuwa mdogo wake mwenyewe.