Kinyonga wa Pete ya Mbao

Harufu ya karafumaiti ilinikuta Mayfair, mtaa mmoja wa huku kusini mwa Afrika, ndani ya duka la Msomali mmoja, Jumamosi ya baridi kali katikati ya mwaka 2018. Nilikuwa nimemsindikiza Bakari, Mtanga ninayeishi naye chumba kimoja Joubert Park. Mwenzake wa msikitini alikuwa amefariki alfajiri, na Bakari alitumwa kununua sanda, pamba na vitu vya kuoshea maiti. Mwenye duka alifungua kopo la bati, akamimina vipande vyeupe kwenye karatasi, na harufu ile ikanipanda puani hadi machozi yakanilenga.

"Pole, kaka," Bakari aliniambia. "Kumbe ulikuwa unamjua marehemu?"

"Simjui. Hii harufu imenikumbusha birthday yangu."

Alinitazama, akamtazama Msomali. "Eish! Nyie watu wa milimani mna mambo. Birthday za wenzako zinanukia keki, yako inanukia msiba?"

Sikuwa na nguvu za kumweleza. Nilikuwa nimepaka rangi ghorofa moja la Sandton wiki nzima, mabega yakiwaka moto, na ukifika umri wangu baridi ya mji huu hukaa kwenye viungo kama mpangaji asiyetaka kuhama. Nilinunua kipande kimoja kidogo, nikakitia mfukoni bila kujua ninakitakia nini. Bakari sikumweleza. Nitakueleza wewe.

Kwetu ni Lushoto, na baba yangu alikuwa seremala katika karakana ya misheni. Kabla sijazaliwa, mke wa daktari mmoja Mjerumani alimletea mchoro, akamwomba amtengenezee kitu ambacho kwao huwekwa mezani mtoto anapotimiza mwaka: pete ya mbao, pana kama sinia dogo, yenye matundu kuzunguka. Matundu mengine ni ya mishumaa, mengine ya kuchomeka vinyago vidogo vyenye kijiti chini. Baba alitengeneza ya Mjerumani, kisha kwa mbao zilizobaki akatengeneza ya kwetu. Mbao zenyewe zilikuwa za mkulo, mti wa misitu yetu ambao ukiukwangua kidogo tu unanukia karafumaiti hasa.

Vinyago alivibuni mwenyewe. Palikuwa na kondoo, jogoo, uyoga, nyumba yenye mlango, na kinyonga mwenye mkia uliojikunja vizuri kama nyuzi za fundi cherehani. Mama hakumpenda huyo kinyonga hata kidogo. Kwao alikozaliwa kinyonga ni mkosi, hashikwi, na akikatiza njia unarudi nyumbani. Kumchomeka kwenye pete alimshika kwa ncha ya kanga, uso kaugeuzia pembeni.

"Baba Elia, umekosa kabisa cha kuchonga? Mtoto anatimiza mwaka, unamwekea mdudu huyu mbele ya uji?"

"Si mdudu, mama Elia. Ni jirani yako. Yumo kwenye ua wako hapo nje, nenda kamsalimie."

Sherehe zetu zilikuwa za asubuhi, kabla ya kwenda shule, ukungu ukiwa bado umelala mlangoni. Mishumaa ilikuwa adimu miaka ile, kwa hiyo mama alikata mmoja vipande vipande, kila tundu likapata kisiki chake. Keki hatukuijua. Palikuwa na viazi vya kuchemsha, chai ya maziwa, na peasi ikiwa msimu wake. Nilipopuliza, moshi wa mishumaa ulichanganyika na harufu ya mbao iliyopata joto, na hiyo ndiyo ikawa harufu ya kuwa mkubwa. Nilidhani kila nyumba duniani ina pete yake. Siku mwalimu alipouliza nani kwao mama ana pete, nilinyoosha mkono nikasema ya kwetu ni kubwa kama sinia na ina kondoo. Darasa lilicheka mpaka kengele.

Nilikuwa darasa la pili kazi za karakana zilipopungua. Baba alisikia kwamba migodi ya Zambia inatafuta mafundi wa mbao. Asubuhi ya kuondoka mama alikuwa akisugua sufuria ambayo ilikwisha kutakata zamani. Baba alifunga begi lake, akaenda kwenye kabati, akaishusha pete na kumchomoa kinyonga.

"Huyu mama yako hamtaki," aliniambia, akimtia kwenye mfuko wa shati. "Natembea naye. Nikirudi mimi, naye anarudi kwenye tundu lake."

Mama aliacha kusugua. Hakugeuka.

Hapo ndipo nilipoanza kazi ya kungoja, na naomba uamini kwamba ni kazi. Kila Jumamosi basi la kutoka Mombo lilipanda milima likafika kwetu mchana, likinuka breki. Mimi nilikaa kwenye kalvati karibu na kituo, miguu ikining'inia. Wengine wakicheza mpira, mimi nilihesabu viatu vilivyoshuka. Kondakta alinizoea.

"Mtoto wa kituo! Leo unasafiri?"

"Namsubiri baba."

"Haya, Jumamosi ijayo tutampakia. Tumwekee kiti cha dirishani?"

"Ndiyo. Ana kinyonga."

Walicheka, nami nikacheka, kwa sababu sikujua ilikuwa ni mzaha. Mwanzoni salamu zilikuja kwa midomo ya watu waliopanda treni kutoka huko. Kisha zikapungua, kisha zikakatika. Siku zangu za kuzaliwa zilikuja, na pete iliwekwa mezani ikiwa na tundu lake tupu. Mara moja mama alijaribu kuchomeka ua. Nililichomoa nikalitupa kwenye majivu. Tundu lile lilikuwa la baba. Nilikuwa natia kidole ndani yake, nanusa kidole, naenda shule.

Nilikuwa nimekonda. Jumamosi moja mvua ilininyeshea kwenye kalvati, nikarudi nyumbani na homa iliyonilaza siku nyingi. Katika homa ile nilikuwa naamka nauliza kama basi limefika. Nakumbuka mkono wa mama kwenye paji langu, na sauti yake ikisema, "Lala," kama mtu anayeomba.

Nilipopona, siku yangu ya kuzaliwa ilikuwa karibu. Asubuhi hiyo niliingia jikoni na kuona mishumaa imewashwa, na kati ya jogoo na nyumba, ndani ya tundu lake, alikaa kinyonga.

Mama alisimama kando ya jiko, kidole gumba chake kimefungwa kitambaa cheupe.

"Amerudi," alisema.

"Baba yuko wapi?"

"Amempa mtu wa treni, amletee mwanawe. Kunywa chai, itapoa."

Nilimchomoa nikamgeuza. Mkia wake ulikuwa umenyooka kama wa panya. "Mama, mbona mkia hivi?"

"Safari ya treni hiyo. Hata wewe ungenyooka."

Nilimnusa. "Hanuki."

"Harufu imeishia njiani. Ulitaka abaki vilevile siku zote hizo?"

Niliona ni maneno ya haki kabisa. Nilimuuliza amefanya nini kidole, akasema ni kisu cha mchicha. Halafu alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: alimchukua kinyonga mkononi mwangu kwa vidole vitupu, bila kanga, akamrudisha kwenye pete na kumsawazisha taratibu, kama anayemlaza mtoto.

Jumamosi iliyofuata nilicheza mpira. Na iliyofuata. Kondakta alinipigia kelele dirishani, "Mtoto wa kituo, umehama?" nikampungia mkono tu na kuukimbilia mpira.

Nilimaliza sekondari, na miguu ikaanza kuniwasha kama ya baba. Asubuhi niliyoondoka mama aliiweka pete mezani, viganja vyake vyote viwili vimelala juu yake.

"Kama unaondoka, ondoka," alisema. "Lakini usiniachie tundu."

Sikuchukua kitu. Basi lilikuwa limeteremka hadi Mombo, mimi nikitazama mkonge dirishani, ndipo nilipokiona tena akilini kile kidole gumba chenye kitambaa. Mwanamke aliyeogopa hata kumgusa kinyonga alikaa mahali fulani na kisu cha jikoni na kipande cha kuni, akamtoa kinyonga humo, jicho kwa jicho. Baba alisema yeye na kinyonga watarudi pamoja. Mimi nilielewa kwamba mmoja akifika, mwingine yuko njiani, hana haja ya kungojwa kituoni. Mama alikuwa ananiambia kitu kingine, kwa namna ambayo mtoto angeweza kukimeza pamoja na chai: kungoja kwako kumekwisha, toka kwenye mvua.

Tangu hapo nimekaa Mombasa, Lusaka, Kitwe, Maputo, na huku. Kitwe niliuliza habari za baba. Mzee mmoja alisema fundi wa aina hiyo alikuwepo, akaenda kusini. Kila mtu huenda kusini. Nilipofika kusini nilikuta kuna majengo ya kupaka rangi, basi nikapaka.

Wiki moja baada ya ile siku ya Mayfair ilikuwa birthday ya Neema, binti yangu, ambaye analelewa na mama yangu kule Lushoto tangu mama yake alipoolewa kwingine. Walinipigia WhatsApp ya video asubuhi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nimejifunika blanketi, Bakari akikoroma upande wa pili. Niliona ukungu mlangoni, vikombe, pete. Neema alivinusa vinyago kimoja kimoja mbele ya simu, kwa umakini wa daktari.

"Baba, mbona kinyonga hanuki kama wenzake?"

Nilifungua mdomo. Treni, safari, njiani: maneno yote yalikuwepo, tayari, yamekwisha kulainishwa na mtu mwingine. Nyuma ya mtoto nilisikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini, kisha sauti ya mama, ambayo imezeeka kuliko ninavyopenda.

"Mwambie aje amnuse mwenyewe."

Neema akacheka, akapuliza mishumaa, na picha ikaganda hapohapo, moshi umesimama hewani.

Jioni Bakari alirudi kutoka kwenye mazishi ya mtu mwingine tena. Mwezi huo walizika sana. Alivua viatu akaniambia kuna jamaa anaondoka Alhamisi na basi, anafika mpaka Tanga, anabeba mizigo midogo ya watu.

"Una kitu cha kutuma nyumbani?"

Nilitia mkono mfukoni. Kipande cha karafumaiti kilikuwepo, kimepungua kidogo, kama zinavyofanya karafumaiti zikikaa.

"Ninacho," nilimwambia. "Ila hiki simpi mtu, nakipeleka mwenyewe."